Watafiti wamebisha hodi, niwaitikie? Maswali tunayoulizwa kila siku huku Pemba

Nimezunguka na mkoba wa vikopo vya mikojo na choo kuanzia Mkoani mpaka Micheweni, miradi tofauti, mvua na jua, na maswali ninayoulizwa mabarazani ni yale yale tu. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp ndo maana nimeyaweka hapa. Mie si daktari, ni mtu wa fildi, kwa hiyo kama unaumwa usinisome mimi, nenda spitali.

Kwani utafiti na matibabu si kitu kimoja? Wote wanavaa makoti meupe.

Hapana, na hili ndo watu wanalochanganya kuliko yote. Ukienda spitali daktari anakutazama wewe, anataka wewe upone. Mtafiti anakutazama wewe na wenzio mia tano kwa pamoja, anatafuta jibu la suali ambalo hajui jibu lake. Akikwambia "hii dawa itakuponya, tia saini hapa" mwambie basi kama ishajulikana inaponya unatafiti nini? Mwenye kusema kweli atakwambia "tunadhani itasaidia, hatuna hakika, na huenda ikawa na madhara haya na haya". Ukisikia hivo ujue umekutana na mtu wa maana.

Nani kawaruhusu kuja majumbani kwetu?

Lazima wawe wamepita kwenye kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, ile wenyewe wanaiita ZAHREC. Huko wanapeleka karatasi zote, na maswali watakayokuuliza, na damu watakayotoa kiasi gani, na ukidhurika nani atagharamia. Baadae wanapita wilayani, alafu kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa au kijiji). Mtu akikufikia mlangoni na sheha hana habari nae, mwambie akakae chini ya mwembe kwanza umpigie sheha simu. Si ukorofi huo. Sisi wenyewe tukifundishwa kazi tunaambiwa tusiingie shehia bila ya sheha kujua.

Damu yetu mnaipeleka wapi? Na mbona mnakuja usiku?

Hahaa, suali la mumiani hili. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinifungia mlango magharibi kwa ajili ya mumiani, na mimi nilipokua nikaja kuwa ndo mumiani mwenyewe, nagonga milango ya watu saa nne za usiku na sindano mkononi.

Sababu ya usiku ni matende na mabusha. Vidudu vyake vichanga vina tabia ya kujificha mchana ndani ya mwili na kutoka kwenye damu ya juu juu usiku, kuanzia kama saa nne mpaka saa nane hivi, saa ambazo mbu wao wanauma. Ukitoa damu saa sita mchana ukaiweka kwenye darubini huoni kitu, unamwambia mtu mzima kumbe anavyo. Siku hizi kuna vipimo vya tone la kidole ambavyo havijali usiku wala mchana, kwa hiyo kugongana usiku kumepungua, alhamdulillah, mana mbwa wa Wingwi wameshanikimbiza vya kutosha.

Na kiasi cha damu: mara nyingi ni tone la kidole, au kijiko kimoja cha chai kutoka mkononi. Karatasi ya ridhaa inatakiwa iseme ni kiasi gani, itapimwa nini, itawekwa muda gani na kama itasafirishwa nje ya nchi. Maabara zetu zipo, ile ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake, ipo tangu mwaka 2000 na kazi nyingi zinamalizikia pale pale. Ila vipimo vingine vinakwenda nje na hapo lazima pawe na mkataba na ruhusa. Usione haya kuuliza, na ukiona yule kijana anababaika kukujibu basi muitie mkubwa wake.

Mtoto wangu mzima, anacheza mpira, mikojo yake ya nini?

Kichocho. Mtoto anaweza kuwa nacho akacheza mpira miaka. Na wengine wanakojoa damu wanaona ndo ukubwa unaingia, hawasemi.

Kipimo chenyewe ni cha kizamani lakini kinafanya kazi: unachukua mililita 10 za mikojo, unazichuja kwenye kikaratasi chenye vitundu vidogo, mayai ya mdudu yanabaki juu, unayahesabu kwa darubini. Umeona tunavokuja skuli baada ya saa nne? Si uvivu, mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwalimu mmoja alikuwa anatugombeza kila mwaka eti tunaharibu vipindi, tulipomueleza akawa yeye mwenyewe anawapanga watoto mstari.

Kuna na kile kijiti cha kuchovya kinachoonesha damu kwenye mikojo. Chepesi na rahisi, lakini msichana aliye kwenye siku zake kitamsingizia, kwa hiyo lazima aulizwe, tena aulizwe na mwanamke, pembeni, si mbele ya darasa zima kama nilivoona mahali pamoja nikataka kulia.

Zamani watoto wengi mno wa skuli walikuwa na kichocho hapa kwetu. Dawa ya prazikwanteli imekishusha sana. Kati ya 2011 na 2017 ulifanyika mradi mkubwa Unguja na Pemba, shehia 90, zote zilipewa dawa, nyengine zikaongezewa kuua konokono wanaobeba mdudu wa kichocho kwenye mito na madimbwi, nyengine zikaongezewa mafunzo ya tabia. Wengi tulikuwa na hakika zile za konokono zitashinda. Wapi! Kichocho kilipungua lakini hayo ya ziada hayakuonesha tofauti kubwa iliyo wazi na dawa peke yake, na maambukizi hayakukatika moja kwa moja. Ndo utafiti huo, unakwenda na jibu lako mfukoni unarudi nalo limechanika.

Nimepimwa nikaambiwa ninao, nikapimwa tena nikaambiwa sina. Nani muongo?

Pengine hakuna muongo. Kila kipimo kina makosa mawili, kumkosa mgonjwa na kumsingizia mzima, na ugonjwa ukishakuwa adimu hili la pili linazidi nguvu. Chukua mfano wangu wa kubuni: watu 1,000, wagonjwa 10 tu. Kipimo kinawakamata 9 katika hao 10, kizuri sana. Lakini katika kila wazima 100 kinawasingizia 5. Wazima ni 990, kwa hiyo watasingiziwa karibu 50. Sasa watu 59 wameambiwa wanao, wenye kweli ni 9. Kipimo hicho hicho ukikipeleka pahala ambapo nusu ya watu wanaumwa wala hutaliona hilo tatizo.

Ndo mana tangu malaria ishuke Zanzibar, baada ya dawa ya mseto kuanza kutolewa bure 2003 na vyandarua kufuatia, kazi ya kupima imekuwa ngumu zaidi badala ya kuwa rahisi. Watu wanashangaa, "malaria hamna, mbona mnapima zaidi?" Kwa sababu hiyo hiyo. Kidogo kilichobaki hakionekani kwa macho mepesi.

Kwa nini jirani apewe dawa yenyewe na mimi nipewe ya uongo?

Si ya uongo, ni tupu, haina dawa ndani, na mnatakiwa muambiwe mapema kwamba wapo watakaopata tupu. Nani apate ipi inaamuliwa kwa kura, kompyuta inapiga, na mara nyingi hata sisi tunaogawa hatujui. Kwa nini? Kwa sababu mimi ni binaadamu, nikijua hii ndo nzuri nitampa mtoto wa dada yangu. Na wewe ukijua umepewa tupu utasema tumbo linakuuma hata kama haliumi. Ila kama ugonjwa una dawa inayojulikana, na kuikosa kutakudhuru, hupewi tupu, unapewa ile ya zamani na mwenzio mpya ndo zinashindanishwa.

Ni kweli watoto wa Pemba walipewa vidonge vya chuma vikawadhuru?

Ni kweli, na nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu limezungushwa sana mabarazani kwa njia isiyo sawa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ushauri wa dunia ulikuwa watoto wadogo sehemu zenye upungufu wa damu wapewe madini ya chuma na vitamini ya foliki kila siku. Kila mtu akiona ni jambo la heri tu, chuma kinaongeza damu, nani atapinga? Hapa Pemba ukafanyika utafiti mkubwa wa watoto wa mwezi mmoja mpaka miezi 35, zaidi ya 24,000, wengine wakapata chuma na foliki, wengine pamoja na zinki, wengine tupu. Wakati huo malaria ilikuwa kali kwetu.

Sasa, kila utafiti wa namna hii una watu wa pembeni ambao hawamo kwenye mradi, kazi yao kuchungulia hesabu kabla mambo hayajesha. Wakaona watoto wa chuma wanalazwa na kufa zaidi kuliko wasiopata, kwa asilimia 12. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa. Hawakungoja mradi umalizike wapate karatasi nzuri.

Majibu yakachapishwa 2006, na ushauri wa dunia ukabadilika: pahala penye malaria usigawe chuma kwa watoto wote bila ya kuweka sawa suala la malaria kwanza. Nepal, ambako malaria haikuwa tatizo, walifanya utafiti kama huo huo na madhara hayo hayakuonekana. Na hapa hapa Pemba, katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma walifaidika. Kwa hiyo usije ukamkatalia mwanao dawa ya damu aliyoandikiwa na daktari baada ya kupimwa, hiyo ni habari nyengine kabisa.

Baba mmoja Konde aliniambia "basi mlitufanyia majaribio". Nikamwambia ndio baba, lakini hebu fikiri, bila ya utafiti vile vidonge vingegawiwa vile vile, kila kijiji, na mtoto akifa watu wangesema homa, amri ya Mungu. Asingejua mtu. Alinyamaza, hakusema nimeshinda wala nimeshindwa, akaniletea madafu. Sijui hata sasa alikubali au aliona tu nina kiu.

Na hii dawa ya minyoo, nasikia ni ya paka na mbwa?

Emodepsaidi. Ndio, ilianza kwa wanyama, dawa nyingi za minyoo zina historia hiyo, hata ile ivermektini tunayomeza kwa ajili ya matende ilianzia kwa mifugo. Ilijaribiwa Pemba na majibu yakatoka 2023. Kwa minyoo ya mjeledi, ambayo albendazoli tunayopewa skuli haiiwezi vizuri, dozi ya miligramu 5 iliponya 83 katika kila 100, waliopata albendazoli walipona 17 tu na waliopata tupu 10. Tofauti kubwa hiyo. Lakini bado ni hatua za kati, waliojaribiwa si wengi, usiende duka la mifugo kujinunulia, wallahi nakuomba.

Na kuhusu kile kikopo cha choo mnachokionea haya: tunachukua kipande kidogo tu, tunakichuja kwenye wavu, tunakibandika kwenye kioo, tunahesabu mayai. Tunahitaji choo cha siku mbili kwa sababu minyoo haitagi sawasawa kila siku. Na tafadhali kiwe chako, tushawahi kuletewa vikopo sita kutoka nyumba moja vyote vinafanana mpaka mahindi.

Chanjo ya kipindupindu waliyotunywesha, ilisaidia?

Ile ya 2009, Chumbuni kwa Unguja na Mwambe kwa Pemba. Ilikuwa ya kunywa, dozi mbili, inachanganywa na maji yenye poda inayotoa povu kama soda. Hii haikuwa ya kura, ilitolewa kwa kila aliyetaka kuanzia miaka miwili, isipokuwa wajawazito, alafu wakafuatiliwa waliokunywa na wasiokunywa kipindupindu kilipokuja. Kinga ikapatikana asilimia 79.

Hapa watu wanakosea: 79 si kwamba 21 katika mia wataumwa. Maana yake, tuseme wasiochanjwa 1,000 wangeumwa 10, waliochanjwa 1,000 wataumwa kama wawili. Na kilichonifurahisha zaidi, hata wasiokunywa wakikaa mtaa ambao majirani wengi wamekunywa walipata nafuu yake, ugonjwa unakosa pa kupita.

Wapo wanawake waliokunywa bila kujua wana mimba. Wakafuatiliwa mpaka kujifungua na hakukuonekana madhara kwao wala kwa watoto.

Ila chanjo haichimbi choo. Kisima kikiwa bondeni kwa vyoo kipindupindu kitarudi tu.

Chanjo ya wasichana inafunga kizazi? Na mbona zamani sindano mbili, sasa moja?

Haifungi kizazi, inazuia kirusi (HPV) kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza 2018 na wasichana wa miaka 14, mwaka 2024 ikahamia dozi moja. Haikupunguzwa kwa ubahili. Mwanza walifanya utafiti wa wasichana 930, wakashindanisha dozi moja, mbili na tatu, na Kenya wakafanya wao kwa wanawake vijana, moja ikaonekana inatosha kulinda. Kwangu mimi sindano moja ni rahisi kuliko kumtafuta msichana baada ya miezi sita wakati kesha hamia kwa shangazi yake Unguja.

Mume wangu yuko dago, naweza kutia saini mwenyewe?

Unaweza, mwili wako. Kwa mtoto pia mzazi mmoja mara nyingi anatosha, angalia karatasi inasemaje. Mtoto aliyeshapata akili nae aulizwe, akikataa asishikwe. Kama ungependa kumngoja mume arudi kutoka baharini sema hivo hivo, hakuna haraka ya kutia saini mlangoni. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anaemuamini yeye, asiletewe na sisi, alafu aweke dole.

Kutoa damu Ramadhani?

Muulize sheikh wako, mie sina fatwa. Sisi tulikuwa tunaahirisha mpaka baada ya Idi, mambo yakaenda.

Nimefanyiwa operesheni, kwa nini kuna mtu ananipigia simu kila wiki kuniuliza kidonda?

Kwa sababu kidonda kinaharibikia nyumbani. Wakihesabu usaha wa operesheni wanahesabu mpaka siku 30, na wewe uliruhusiwa siku ya nne, wasipokupigia wataandika umepona kumbe umelala na homa.

Utafiti wa Afrika uliotoka 2018, nchi 25, wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionesha waliokufa ni 2.1 katika kila 100, mara mbili ya wastani wa dunia, na hao walikuwa vijana zaidi na wazima zaidi kuliko wanaopasuliwa kwengine. Na wengi mno hawakufa mezani, walikufa baada ya operesheni, wodini. Watu wakafikiri basi dawa ni kumtazama zaidi: kitanda kiwe karibu na meza ya nesi, apimwe mara nyingi, jamaa waruhusiwe kukaa nae. Ikajaribiwa, wagonjwa zaidi ya 28,000, majibu 2021: vifo havikupungua. Inauma, mana inaonekana ni jambo la akili kabisa, lakini nesi ni yule yule mmoja, ukimwambia amtazame huyu zaidi atamtazama nani kidogo?

Yapo yaliyofaulu. Orodha ya usalama wa operesheni, ile wanayoisoma kwa sauti kabla ya kukata, jina lako nani, unakatwa wapi, ilijaribiwa miji minane duniani, na mmoja ni Ifakara, hapo hapo bara. Vifo vikashuka kutoka 1.5 mpaka 0.8 katika kila 100. Na 2022 ikaonekana kwamba madaktari wakibadili glavu na vyombo kabla ya kufunga tumbo, usaha unashuka kutoka karibu 19 mpaka 16 katika 100. Glavu tu! Kwa hiyo ukiulizwa jina lako mara tatu kabla ya usingizi usikasirike.

Busha langu si nilimeza dawa, mbona limebaki?

Dawa za matende zilizoanza kugawiwa Zanzibar 2001 zinaua vidudu vichanga kwenye damu ili usimuambukize mwenzio. Maji yaliyokwishajaa hayatoki kwa vidonge, yanataka kisu. Operesheni yenyewe si kubwa. Kubwa ni haya, wazee wanakaa na busha miaka ishirini, hata msikitini wameacha kwenda. Usiache, nenda.

Naweza kujitoa katikati?

Muda wowote, bila sababu, na matibabu yako ya kawaida spitali hayaguswi. Ninachoomba tu uniambie. Msimu wa karafuu watu wanahama kambi usiku mmoja, nafika naikuta nyumba na kuku. Asiyejulikana yuko wapi anatutia mashaka kuliko aliyejitoa, kwa sababu hatujui kapona, kaumwa zaidi au yuko juu ya mkarafuu anaimba.

Nalipwa?

Nauli, sabuni, pengine posho ya siku uliyopoteza. Ukiahidiwa pesa nyingi jiulize.

Mbona mkishachukua hamrudi na majibu?

Hili sina la kujitetea. Mradi mmoja niliofanya, siutaji, tuliwaahidi watu tutarudi na majibu kabla ya mwaka. Fedha zikaisha, wakubwa wakaondoka, karatasi ikatoka kwa Kiingereza. Mimi ndo niliyebaki, na ndo ninaekutana na wale watu sokoni. Siku moja nikaomba orodha ya majibu ya shehia mbili, nikapanda gari ya shamba na pesa yangu, nikakaa kwa sheha kuanzia asubuhi mpaka alasiri nikamueleza kila aliyekuja. Mzee mmoja aliyekuwa amesubiri kwenye benchi tangu asubuhi nikamwambia mzee wangu, mikojo yako ilikuwa safi. Akasema, "miaka miwili nimekaa nikijua nina kitu, nimeogopa hata kuuliza." Sasa mie nikija kwenu, kabla hujatia saini, niulize tarehe ya kurudi na uiandike ukutani.